Paa Juu ya Maji

Tulifunga shule mwezi wa nne, nikashuka Port Victoria na sanduku langu la bati kichwani, nikakuta mama anaishi ndani ya mashua ya marehemu baba. Hakuna mtu aliyekuwa ameniandikia barua. Niliambiwa na mama mmoja anayeuza dagaa wa omena kando ya barabara, tena huku anacheka.

"Mama yako? Si amekuwa samaki siku hizi. Mtafute majini."

Nilipita bila kujibu. Mimi sijibu watu. Hata darasani mwalimu akiniuliza kitu ninachokijua, nanyamaza mpaka anamwuliza mwingine, halafu baadaye naandika jibu kwenye daftari hili. Mambo ya likizo ile ni hivyo hivyo. Mengi sikuyasema, na bado yananichoma.

Mama alihamia majini kwa sababu ya paa. Baba alikufa mwaka uliotangulia, kwa ugonjwa wa kifua. Kwetu mume akifa, paa la mjane haliguswi. Nyasi zikioza zinaachwa zioze, mpaka mjane akubali kurithiwa na ndugu wa mumewe. Huyo ndiye anayepanda kuezeka. Mwanamke kupanda juu ya nyumba ni mwiko, msichana pia. Na mwanamume mwingine akithubutu, watu wanasema atavimba tumbo na kufa. Aliyekuwa anangojea kupanda paa letu ni baba mdogo, ambaye tayari ana wake wawili, na ambaye wakati baba anakohoa damu alikuja mara moja tu, kuulizia baiskeli. Siku ya mazishi aliondoka na baiskeli na koti la baba, lile la kijivu la kwenda kanisani.

Mama alimkataa. Baba mdogo hakugombana naye. Alisema tu, "Sawa, mulamwa. Mvua itanisemea." Mulamwa ndivyo mashemeji wanavyoitana kwetu.

Maneno hayo nilisimuliwa na mama mwenyewe, na yalinikasirisha kuliko kama angempiga. Mtu anakaa kwake, mkavu, anangojea mvua imfanyie kazi.

Na mvua ilimfanyia. Mwezi wa tatu maji yaliingia nyumbani kila upande, mama akawa analala amekaa, na sufuria mapajani. Ndipo akabeba godoro akaenda ziwani. Alifikiri hivi: shamba ni la ukoo, nyumba ni ya ukoo, lakini mashua baba aliinunua kwa jasho lake, na maji hayana ukoo.

Ilikuwa mashua ndogo ya mbao, ya tanga moja. Baba alikuwa akiitumia kubebea samaki kutoka visiwani, kabla askari wa ng'ambo ya ziwa hawajaanza kunyang'anya watu mizigo huko majini. Mama aliifunga kwenye kigingi mahali ambapo maji yanafika magotini. Aliteremsha ule mti mrefu wa tanga, akaufunga kutoka kwenye mlingoti hadi nyuma, kisha akatandaza turubai juu yake, likawa kama hema. Turubai lenyewe lilikuwa zito, la rangi ya matope. Baba alilinunua Malaba kwa dereva wa lori. Chini tuliweka mbao na mkeka wa mafunjo, juu yake godoro. Ukikaa wima kichwa kinagusa mti. Ukijinyoosha miguu inagusa sufuria.

Siku tatu za kwanza tulilala vizuri. Turubai lilikuwa linavuja mahali pamoja tu, pale mlingoti unapopita, kwa sababu baba alilitoboa ili afunike mizigo bila kung'oa mlingoti. Mama aliweka kopo hapo, basi.

Halafu mimi nikaharibu. Turubai lile lilinuka samaki, na nilijua nguo zangu zitarudi shuleni Bukhayo na harufu hiyo. Muhula uliopita wasichana wa bweni langu walikuwa wanafungua madirisha nikiingia. Kwa hiyo siku moja ya jua, mama akiwa ameenda soko la Khunyangu, nililifungua turubai, nikalipaka sabuni ya mche, nikalikanyaga na kulipiga kwenye mawe mpaka likatoa maji meusi, kisha meupe. Nilijisikia fahari. Lilinukia kama shuka la hospitali.

Kesho yake alfajiri mvua ikaja, kama ilivyo kawaida ya ziwa letu, na turubai likainywa yote. Halikuvuja, lilikamuka. Kila mahali nilipogusa kwa kidole kulizuia, maji yalifuata kidole. Tulikumba maji kwa sufuria na kopo mpaka mikono ikafa ganzi. Godoro likawa sponji. Daftari langu la historia liligeuka uji wa buluu.

Na mimi, badala ya kusema ni mimi niliyeliosha, nilimwambia mama, "Si umkubali tu baba mdogo tulale pakavu?"

Mama hakuacha kukumba. Alisema, "Ukirudi shuleni uniandikie hiyo kwa barua. Nikisoma polepole labda nitaielewa."

Nilijichukia. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: kwa dakika kama tano nilimchukia na yeye pia.

Mchana nilimwambia ukweli kuhusu sabuni. Akaanza kucheka, kicheko kibaya kisicho na furaha. "Basi twende kwa fundi," akasema.

Fundi wa mashua alikuwa na karakana yake hapo hapo ufukweni, mzee mmoja mwenye vidole vilivyojaa lami. Alikuwa rafiki ya baba. Mama alimweleza habari ya sabuni, akamwomba atengeneze turubai na lile tundu la mlingoti. Mzee aliweka randa chini.

"Mama, mimi nina wajukuu."

"Hii ni mashua, mzee, si nyumba."

"Najua ni mashua. Niliiunda kwa mikono hii. Lakini shemeji yako alipita hapa jana. Amewaambia watu wote wa ufuko, mjane akilala chini ya kitu, hicho ni paa. Ati mwanamume yeyote atakayelishika au kuingia chini yake atazikwa kabla ya mavuno."

"Na wewe unaamini?"

"Siamini," fundi akasema. "Lakini tumbo langu likivimba hata kwa maharagwe, mke wangu ataamini."

Wanaume waliokuwa wanashona nyavu karibu walicheka. Mmoja akasema, "Mama, mkubali tu jamaa. Unaona mtoto anavyotetemeka kama kifaranga." Nilikuwa sitetemeki kwa baridi. Nilitaka kumtupia jiwe. Nilitazama miguu yangu.

Tulipokuwa tunaondoka fundi aligeuka, akatupa mgongo, akachukua randa na kuanza kuongea na ubao. "Wewe ubao," akasema, "mikono yangu imekatazwa, mdomo haujakatazwa. Turubai likioshwa na mjinga kwa sabuni, mafuta yake yote yanatoka. Basi mtu anayeyusha mishumaa ndani ya kopo, na kopo ndani ya maji moto, asije akaungua. Anatia mafuta ya taa kidogo, anapaka kwa tambara, anaacha jua limalizie. Na mlingoti, ubao wangu, unavalishwa mpira wa baiskeli. Mtu anaupasua, anaufunga juu kwa kamba, anaukaza sana, na chini anauacha ufunguke kama sketi juu ya turubai. Maji yanateremka mlingotini, yanafika kwenye sketi, yanakwenda zao nje."

Mama alisimama hapo mpaka ubao ukamaliza kufundishwa.

Mishumaa alikuwa nayo. Yeye ndiye anayefagia kanisa, na alikuwa ameweka vipande vilivyobaki kwenye mkebe. Mpira tuliuokota kwa watu wa baiskeli wanaobeba wasafiri, mpira wenye viraka hadi hauna maana tena. Kupaka kulituchukua siku mbili. Nilipaka kwa shati langu la zamani la shule ya msingi, na kila nilipopaka nilimwona baba mdogo amekaa kwake, mkavu.

Ikabaki sketi ya mlingoti. Ilibidi mtu asimame kwenye ukingo wa mashua, akumbatie mlingoti, anyooshe mikono juu ya turubai. Yaani apande juu ya paa, mbele ya ufuko mzima, saa nne asubuhi, samaki wanapouzwa. Mama alianza kukunja leso yake. Bega lake moja halinyanyuki vizuri, tangu alipoanguka na mzigo wa kuni.

Nikasema, "Nipe mpira."

Sijui ilitoka wapi. Mimi ambaye nikitumwa dukani nangojea watu wapungue. Nilipanda. Mashua iliyumba, gauni likapeperuka, na nikasikia ufuko wote unaanza.

"Dada, unatafuta mume huko juu?"

"Mwambieni ashuke, anatuletea mkosi."

"Muacheni, ni askari wa zamu huyo."

Masikio yalikuwa yanawaka. Nilizungusha mpira mara tatu, nikaukaza kwa kamba na meno, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umeshika mlingoti. Ladha ya mpira ule bado naikumbuka. Sikulia. Hasira ilikuwa imejaa mdomoni pamoja na kamba, hakukuwa na nafasi ya kitu kingine. Niliposhuka nilikaa juu ya godoro, na mama akafunga pazia la turubai ili wasinione.

Mvua ilikuja siku ya mwisho ya likizo. Kulikuwa kumekucha vizuri, wingu jeusi likiwa bado mbali juu ya maji, baba mdogo alipokuja. Alikunja suruali, akatembea majini mpaka kwenye ukingo wa mashua. Alikuwa amevaa koti la baba.

"Mulamwa," akasema, "kesho huyu anarudi shule. Utakaa hapa na nani?"

Mama alikuwa anachambua mboga. "Na mboga zangu."

"Mimi sina haraka. Lakini unaona wingu lile."

Wingu lile halikumngoja amalize. Mvua ya ziwa inatembea kama ukuta. Watu wote walikimbilia kwenye banda la samaki, wakajipanga hapo wanatazama. Ndani ya mashua turubai lilianza kupiga kelele, na mimi nilitazama mlingoti tu. Maji yaliteremka, nikayasikia yanafika kwenye mpira, yakageuka, yakamwagika nje. Nilipitisha kiganja chini ya lile tundu. Kiganja kilibaki kikavu.

Mama alifungua pazia. "Karibu ndani, mulamwa," akasema, kwa sauti ya upole kabisa, sauti ya kukaribisha mgeni chai. "Unanyeshewa bure."

Baba mdogo aliinama kuingia, hata mkono ulishagusa ukingo. Kisha akakumbuka. Alitazama turubai, akatazama banda, na banda lote lilikuwa linamtazama, maana kila mmoja pale alikuwa amesikia kutoka kwake mwanamume anayeingia chini ya paa hili anazikwa lini. Akabaki ameinama vile vile, nusu ndani nusu nje, maji yakimwingia shingoni.

Ningepaswa kufurahi. Lakini niliona koti. Lilikuwa limeshalowa mabega, linavutika, na ile mifuko ambayo baba alikuwa akituwekea njugu imening'inia kama masikio ya mbuzi.

"Vua koti la baba," nikasema. Nilisema kwa nguvu mpaka mama akageuka. "Kama huingii, vua koti. Linanyeshewa."

Hakulivua. Alirudi nyuma, akatembea majini polepole kuelekea banda, na hakuna aliyemsogezea nafasi.

Kesho yake nilipanda lori kwenda Bukhayo. Nguo zangu zilinuka mishumaa, mafuta ya taa na bado samaki, na wasichana walifungua madirisha kama kawaida yao.

Mwezi wa sita nilipata barua ya mama. Aliandika nyumba imeanguka ukuta wa nyuma, na paa limelala juu ya kitanda ambacho baba alikitengeneza mwenyewe. Ati hakuna aliyekubali kusaidia kukitoa, kwa hiyo kiko hapo hapo, kinaoza. Yeye yuko mashuani, mvua ni nyingi, halali na sufuria. Niliishika barua ile kwenye mwanga wa dirisha nikaitazama pande zote mbili. Wino haukuwa umetapakaa hata mahali pamoja.

Kitanda kile kinanikasirisha mpaka leo.