Zifute Zote Sita

Fundi Zahran wa Michenzani alikuwa hodari wa kompyuta, hilo hatumnyimi. Ila alikuwa na ila moja: haulizi. Umwambie nusu ya neno, nusu ya pili atajijazia mwenyewe, kwa kuogopa aonekane hajui.

Mwaka 2006 aliitwa na Bi Wanu, mwalimu wa darasa la kompyuta la kina mama. Mashine zake sita zilikuwa zimeliwa na virusi hazifai. "Tutie mfumo wa Linux, Bi Wanu," Zahran akamwambia. "Haina leseni ya kununua, na virusi hivi haviiwezi."

Alikuja na CD za Linux ya aina mbili. Ya kwanza ilikuwa na sura nzuri, lakini kwa mashine kuukuu zile ikajikokota mpaka ikakera. Akachagua ya pili, nyepesi.

Bi Wanu alikuwa mlangoni, anakwenda sokoni Mwanakwerekwe. "Fundi, zifute zote sita kabla hujaanza. Kesho nna wageni."

Lo! Mwenzake kakusudia vumbi. Yeye kasikia disiki.

Nne zikenda salama. Ya tano, alipoichungulia kabla ya kuiwekea, akaona folda: "Maneno ya Mama". Mkono ukasita. Simu anayo mfukoni, jamani! Lakini apige aulize, fundi mzima? "Kashasema zote," akajiambia. Mashine ikauliza kama ifute disiki nzima. Akakubali.

Bi Wanu aliporudi alifurahi kuziona zinavyokimbia. Kisha akakaa kwenye ya tano, akatafuta, akatafuta tena.

"Fundi, maneno ya mama yangu yako wapi?"

Miaka mitatu alikuwa akikaa na mamake, anayaandika maneno ya lahaja ya Kimakunduchi aliyokuwa akiyatamka, hata Ramadhani iliyopita mama huyo akafariki. Nakala nyingine hana.

Zahran akajitetea haraka. "Si ulinambia nizifute?"

"Nlikusudia vumbi, fundi. Uzifute vumbi." Bi Wanu akajishika kichwa, akalia waziwazi. "Ya Rabbi, neno limetoka kinywani mwangu mwenyewe!"

Hapo ndipo pa kusema kwamba folda aliiona. Zahran akaanza kukusanya CD zake.

"Nisamehe, fundi," Bi Wanu akasema, anajipangusa machozi. "Nimekutia kwenye makosa bure. Wewe ungejuaje?"

Zahran akainama, anakunja waya.

"Nshakusamehe, Bi Wanu," akajibu.