Raketi mbili za bure

Nani hugawa raketi nzima bure? Hapo ndipo niliposhtuka.

Leo napiga deki chumba cha kubadilishia nguo, kwenye viwanja vya tenisi hapa Birmingham. Binti wa Belarusi, mchezaji wa kulipwa aliyeshindwa asubuhi, ananipa raketi mbili.

"Mpelekee mjukuu wako."

"Ili niambiwe nimeiba? Andika kwanza, na useme kwa nini!"

Msicheke. Wafagiaji wangapi wamefukuzwa kwa kitu kilichokutwa mkobani?

Akaandika. Mimi kusoma ni kwa kubabaisha, na simwamini mtu, nikampa msimamizi wangu karatasi hiyo pale mlangoni. Akasoma kwa sauti: "Nimempa mimi mwenyewe. Leo nimeacha tenisi."

Kumbe kocha wa binti yuko nyuma yetu. Hakuwa na habari!

"Miaka yote hii, halafu nasikia kwa mfagiaji?"

Mfagiaji! Nikamgeukia. "Wewe baba, bega la mtoto limefungwa bandeji mpaka shingoni. Hukuliona?"



Binti akasema taratibu, "Niliogopa kukuambia."

Kocha akaketi sakafuni, kwenye deki yangu mbichi. Binti akaketi kando yake.

Sikuwakaripia.

Raketi nimezichukua, na karatasi ninayo. Haya semeni, nyie mngezipokea hivihivi?