Mama Latifah na Nati za Kufuli

Siku ya kwanza Njagi kumtia machoni Mwanamisi, mama huyo alikuwa amesimama katikati ya steji ya teksi pale Makutano, ameshika nati za gurudumu kiganjani, na amekataa katakata kuzirudisha.

"Zilete, mama, nina abiria," mwenye gari alimwambia.

"Abiria wako asubiri. Nati zako umezitia wapi? Sema watu wasikie."

Mwenye gari alikuwa Kailemia, mwenyekiti wa chama cha madereva wa steji hiyo, mtu wa kifua kipana na sauti pana zaidi, asiyezoea kuulizwa maswali. Alikuwa akibadilisha gurudumu, akakosa pa kuweka nati, akaona bakuli liko wazi juu ya meza ya chai, akazitumbukiza humo.

"Kwenye bakuli," alisema.

"Bakuli la nini?"

"La sukari. Pole, mama."

"Haya, chukua. Na hiyo sukari yenye grisi utaimaliza wewe. Nitakukorogea kila asubuhi mpaka iishe."

Steji nzima ilicheka. Njagi, aliyekuwa ameletwa siku hiyo hiyo kutambulishwa kwa chama, alicheka ameinamisha kichwa. Alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa Kiambere, na tangu utotoni alikuwa na haya ya kumfanya ashindwe hata kumwambia kinyozi kwamba amemkata sikio. Madereva walimgeukia mara moja.

"Huyu anatoka Kiambere! Kwenu ndiko kunakotengenezwa umeme wa nchi, na nyinyi bado mnalala na koroboi, ama?"

"Mwacheni," Mwanamisi alisema huku akifuta bakuli lake. "Angalau kwao wanatengeneza kitu. Nyinyi hapa mnatengeneza kelele." Kisha akamwekea mgeni kikombe cha chai ya tangawizi bila kumwuliza kama anataka.

Watu walimwita Mama Latifah, kwa jina la bintiye aliyeolewa Isiolo. Aliuza chai na mahamri kwenye kona ile tangu Makutano haijajaa maduka ya simu. Nyumbani kwake kulikuwa mtaa wa Majengo, wanakoishi Waislamu wengi wa mji, na kabla yake ilikuwa nyumba ya mama yake. Alizungumza Kimeru bila kujikwaa, akasalimia Waislamu kwa salamu yao na Wakristo kwa yao, na aliyechelewa kumsalimu alisalimiwa yeye kwa sauti ya kumwaibisha.

Chini ya benchi lake palikuwa na sanduku la mbao lenye kufuli. Hakuna aliyekumbuka lilianzaje. Dereva akienda safari ya mbali aliacha humo kitambulisho cha mkewe, dawa za mtoto, koti, kifurushi cha mtu wa Nkubu kitakachochukuliwa jioni. Mama Latifah hakuandika chochote. Alifunga kila kitu kwa kitambaa cha rangi ya mwenyewe, naye akija alipewa chake pamoja na maneno mawili matatu kuhusu tabia yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya steji. Kupewa kikombe kulikuwa kukaribishwa, lakini kupewa kitambaa chako kwenye sanduku ndiko kulikokuwa kuwa mtu wa pale. Njagi alipewa cha manjano.

Mwaka ule wizi wa rimu uliingia mjini kama ugonjwa. Mtu aliamka, akatoka na mswaki mdomoni, akakuta gari lake limekaa juu ya mawe, magurudumu yote yamekwenda. Wezi hawakutaka rimu za chuma cha kawaida. Walitaka zile za aloi, nyepesi, zinazong'aa, na madereva wa Makutano walikuwa wamejinyima ili wayavishe magari yao rimu hizo, maana abiria wa harusi na wa mikutano huangalia magurudumu kwanza. Njagi alizipenda zake mpaka akawa anaziosha kwa sabuni ya mwilini.

Chama kikakaa kushauriana. Mmoja alisema nati zichomelewe. Akaulizwa siku ya pancha atakuja na mchomeleaji kwenye buti? Mwingine alisema warudie rimu za chuma, akazomewa. Mwishowe walikubaliana juu ya nati za kufuli. Kwenye kila gurudumu unatoa nati moja ya kawaida, unaweka moja ambayo kichwa chake kina michongo ya ajabu ajabu. Spana ya kawaida inateleza tu. Haifunguki mpaka uwe na ufunguo wake, kipande kidogo cha chuma chenye michongo hiyo hiyo kwa ndani.

"Tununue pamoja," Kailemia alisema. "Kama tulivyofanya na sare. Niachieni mimi."

Walimwachia. Chama cha Makutano kilinunua kila kitu pamoja: sare, matairi, hata mbuzi wa Krismasi. Kailemia alikwenda dukani peke yake, akarudi na katoni, na kila dereva akapata seti yake na funguo mbili. Ufunguo mmoja ulikaa na dereva, mfukoni au garini. Wa pili, wa akiba, haukujadiliwa hata kidogo. Uliwekwa wapi tena kama si kwenye sanduku? Mama Latifah alizifunga zote, kila mmoja kwa kitambaa cha mwenyewe, akafunga kufuli, akaufunga ufunguo wa kufuli kwenye pindo la leso yake.

Walilala vizuri kwa miezi kadhaa. Kisha asubuhi moja Runji, dereva mwembamba mwenye maneno mengi, alifika steji kwa miguu.

Gari lake lilikuwa juu ya mawe. Na pale chini, kando ya mawe, zile nati za kufuli zilikuwa zimepangwa kwa mstari, safi, hazina hata mkwaruzo. Hazikuvunjwa. Zilifunguliwa.

"Ufunguo wangu ninao," Runji alisema, akautoa mfukoni. "Wa pili uko wapi?"

Macho yote yalikwenda chini ya benchi.

Kailemia alimwamuru Mama Latifah afungue sanduku. Hakumwomba, alimwamuru, mbele ya wateja wenye mahamri mdomoni. Alifungua. Kitambaa cha kijani cha Runji kilikuwepo, na ufunguo ulikuwa ndani yake, umefungwa kwa fundo lile lile.

"Basi uliuazimisha ukarudishwa," Kailemia alisema.

"Niliuazimisha kwa nani?"

"Wewe ndiye utatuambia. Nyinyi watu wa Majengo mnajuana."

Njagi alimwona mama yule akishusha birika polepole, kama mtu anayeogopa mkono wake utafanya jambo.

"Kailemia mwanangu," alisema. "Siku mkeo alipojifungua, pesa za hospitali zililala kwenye sanduku hili. Ilipungua hata shilingi? Nyanya yangu amezikwa mji huu barabara hiyo ikiwa bado tope. Leo mimi ndiye mtu wa Majengo?"

"Jumapili baada ya kanisa tuna mkutano. Uje na jina la uliyempa. La sivyo, kona hii utaiacha."

Njagi alitaka kusema. Badala yake alikwenda kwenye gari lake, akafunga mlango, akaupiga usukani kwa ngumi mpaka honi ikalia na watu wakageuka. Alikasirika kiasi cha kushindwa kula. Hawa watu walikunywa chai ya mama huyu wakiwa hawana kitu, akawaambia watalipa wakipata. Leo wanamchambua kama mzigo wa magendo! Na hakuna aliyeuliza swali lingine lolote. Hakuna aliyekwenda kwa majirani wa Runji, wala aliyezunguka kwenye vibanda vya rimu kuukuu. Jibu lilikuwa limekaa karibu, limevaa leso, likawatosha.

Ijumaa, Mutwiri, dereva waliyeegesha naye sambamba kila siku, alipata pancha pale pale steji. Njagi alikwenda kumsaidia bila kuambiwa, kama kawaida yao. Akapiga jeki, akafungua nati za kawaida, akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akafungua ile ya kufuli. Gurudumu lilikuwa limeshatoka Mutwiri aliporudi kutoka kwenye buti yake.

"Shika ufunguo," Mutwiri alisema, akiunyoosha mkono.

Njagi aliutazama ufunguo ule. Kisha akautazama uliokuwa mkononi mwake. Ulikuwa wake mwenyewe.

Aliutia wake mfukoni. Kwa ule wa Mutwiri akarudisha nati. Jumamosi yote aliendesha gari kama mtu anayeota.

Jumapili chama kilikusanyika pale steji, kando ya gari la Kailemia, wengine wakiwa bado na Biblia kwapani. Mama Latifah alikuja, akasimama. Hakupewa kiti.

"Jina," Kailemia alisema.

"Sina jina la kukupa."

"Basi kwa niaba ya chama..."

Njagi alitoka kwenye mstari wa nyuma. Kama angejaribu kuzungumza kwanza angeshindwa, alijijua. Kwa hiyo alipiga magoti kwenye gurudumu la mbele la mwenyekiti, akaweka ufunguo wake kwenye nati ya kufuli, akatia spana, akazungusha. Ikafunguka.

"We! Unalifanya nini gari langu?"

"Huu..." Njagi alianza. Sauti ilipotea, akaitafuta. "Huu ni ufunguo wangu. Wangu mimi. Umefungua gari lako. Juzi ulifungua la Mutwiri. Kila mmoja achukue wake, ajaribu kwa mwenzake!"

Walitazamana. Kisha Mutwiri akapiga magoti kwa gari la Runji, lililotiwa rimu za kuazima na zile nati zake, na mwingine kwa la Njagi. Jua lile la Jumapili liliwakuta wanaume wazima na suti zao wakiwa magotini kwenye vumbi, na kila nati iliyojaribiwa ilifunguka. Yeyote kati yao angeweza kumwibia Runji. Yeyote aliyeazima au kuuziwa ufunguo wa yeyote kati yao angeweza.

"Kailemia," Mutwiri alisema, "ulinunua nini?"

Mwenyekiti alijifuta jasho. "Muuzaji aliniuliza kama tunataka za ufunguo mmoja ama tofauti tofauti. Nikaona za mmoja ni afadhali, mtu akipoteza wake aombe kwa jirani. Nilifikiri kwa wema."

"Kwa hiyo ulijua," Njagi alisema. Safari hii sauti haikupotea. "Ulijua, na ukamsimamisha mama hapa!"

"Nilisahau, bwana. Si mtu husahau?"

Madereva waliinuka magotini. Kisha, kama watu waliokubaliana, wakaanza kucheka kidogo, kukohoa, kupangusa magoti. Yaishe, walisema. Ni shetani tu. Mama, kesho utuchemshie chai, tusahau.

"Niombwe msamaha," Mama Latifah alisema. "Kwa sauti ile ile, mbele ya wateja wale wale, kesho asubuhi."

"Mama, sisi tulikuwa tunauliza tu," Kailemia alisema.

Mama Latifah alilirudia benchi lake. Kisha aliinama, akavuta sanduku, akatoa vitambaa kimoja kimoja na kuviweka juu ya bonneti ya mwenyekiti. Akabeba sanduku tupu kichwani, akaondoka. Kesho yake hakukuwa na chai. Rimu za Runji hazikuonekana tena, na aliyeziiba hakutafutwa hata nusu ya alivyotafutwa mama yule.

Njagi alikwenda peke yake duka jingine. Alimwomba muuzaji amfungulie seti tatu, akazilinganisha michongo, akachagua moja isiyofanana na nyingine. Kisha akawa anaegesha mbali na wenzake.

Baada ya majuma kadhaa alisikia Mama Latifah anauza mahamri sokoni Gakoromone, akamkuta kati ya wauza ndizi, na foleni ndefu mbele yake. Bintiye alikuwa anamwita Isiolo, naye alikuwa amekubali. Kabla ya mwezi ule kuisha alikuwa ameondoka, na Njagi hakumwona tena. Siku hiyo ya sokoni Njagi alisimama mbele ya meza ya mama akizungushazungusha kofia, akitafuta namna ya kumwambia pole kwa niaba ya watu wasiotaka kusema pole. Mama yule alimsubiri, akachoka kusubiri, akamfungia mahamri kwenye karatasi.

"Uliongea, Njagi. Ulitetemeka kama kuku aliyenyeshewa, lakini uliongea, na wale wenye sauti walinyamaza. Sasa toka hapo mbele, unanizibia wateja."