Baleti Katika Ghala la Korosho

Kazi yangu ni kutibu viungo. Pale hospitalini Nachingwea wagonjwa huniita daktari wa mazoezi, na nimeshachoka kuwasahihisha. Wanaokuja kwangu ni wazee waliopooza upande mmoja, vijana walioanguka na bodaboda, akina mama ambao bega limekataa kunyanyuka baada ya msimu wa ufuta. Kwa hiyo siku mwenyekiti wa kamati ya wazazi aliponipigia simu kutoka Ruangwa na kuniambia kwamba wao wana shule ya baleti, nilidhani sijamsikia vizuri.

"Shule ya nini, baba?"

"Baleti, daktari. Ile dansi ya kusimama kwenye ncha za vidole. Hujaiona kwenye runinga?"

Nilikuwa nimeiona, lakini sikuwahi kufikiri inaweza kuchezwa kilomita chache kutoka mashamba ya korosho ya wajomba zangu. Akanieleza. Mwalimu ni mwenyeji wa hapo hapo, alichukuliwa na shangazi yake akiwa mdogo kwenda kuishi Nairobi. Huko akaingia kwenye dansi, akacheza mpaka Ulaya, halafu akarudi nyumbani na kukodi ghala la zamani la korosho. Wanafunzi wake wanalala hapo, asubuhi wanakwenda sekondari ya jirani, jioni na mwisho wa wiki wanacheza. Sasa kundi moja la dansi la ng'ambo lilikuwa tayari kuchukua baadhi yao wakaifanye kuwa kazi ya maisha. Lilitaka kwanza mtu anayejua mwili aende akaangalie: mafunzo yakoje, na watoto wenyewe wanaishije.

"Ni kukagua tu," alisema. "Ukifika utaona. Watoto wako vizuri mno."

Nilikwenda Jumamosi. Ghala lilikuwa limepakwa chokaa, sakafu imetandikwa mbao, na ukutani walikuwa wamefunga bomba refu la chuma ambalo watoto walilishika kwa mkono mmoja. Wengi walikuwa wasichana wa kidato cha pili na cha tatu. Mwalimu alinipokea kwa adabu, mwanamke wa makamo yangu, mwembamba, shingo imenyooka kama ya mtu aliyezoea kubeba ndoo kichwani.

"Karibu, dada. Kaa hapa uone. Halafu utaniambia ukweli."

Akawasha muziki, wakaanza.

Nitasema ukweli kama alivyoniomba. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Watoto wa vijiji vya Nambilanje na Nanganga, watoto ambao mama zao nawajua kwa magoti na viuno vyao, walikuwa wananyanyuka kwenye ncha za vidole wote kwa pamoja, bila kishindo, mikono inafuata muziki kama maji. Alikuwepo mmoja, binti mrefu wa kama miaka kumi na sita, ambaye akizunguka mtu unasahau kupumua. Nilijikuta nimeziba mdomo kwa mkono. Niliwaza: mwenyekiti alisema kweli. Nitaandika mema, nirudi nyumbani mapema.

Muziki ukazimwa. Watoto wakajipanga mstari bila kuambiwa, wakielekea kwenye kona ya ghala. Kwenye kona ile palikuwa na mizani ya chuma, ile ya kupimia magunia ya korosho, iliyoachwa na wenye ghala wa zamani. Mtoto wa kwanza akapanda pale yanapowekwa magunia. Mwalimu akasogeza jiwe la mizani, akasoma uzito kwa sauti, wote wakasikia. Wakapiga makofi. Akapanda wa pili. Huyu hakupigiwa makofi. Alishuka akaenda kusimama upande wa pili, akiangalia ukuta.

"Yule vipi?" nilimuuliza mwalimu.

"Ameongezeka. Leo atakunywa uji tu." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekuambia mvua inakuja.

Nimefanya kazi hospitali muda mrefu. Nimeona mengi. Lakini mtoto kupimwa kama gunia sikuwahi kuona. Nilisema tu kwamba sasa ningependa kuzungumza na wasichana peke yao, bwenini.

Walikaa vitandani, mimi nikakaa kwenye sanduku la mmoja wao. Walikuwa wachangamfu. Nikawauliza wanalala vipi, wanasoma vipi, nani ana maumivu. Hakuna mwenye maumivu, walisema. Nikawauliza lile ambalo huwa namuuliza kila msichana ninayemtibu: mwezi wao unakujaje?

Walitazamana, wakaanza kucheka.

"Sisi hatuingii mwezini, daktari," alisema mmoja.

"Nani haingii?"

"Wote. Labda yule mgeni aliyekuja juzi." Wakamcheka mgeni, naye akainamisha kichwa kwa aibu. "Mwalimu anasema ni dalili nzuri. Mwili umeelewa kazi."

Walikuwa wanajivunia. Hilo ndilo lililonishtua kuliko kukosa mwezi kwenyewe. Niliwatazama mmoja mmoja, mifupa ya mabega imetokeza, vinyweleo laini vimeota mikononi kama vya kitoto kichanga, nikaona kile ambacho mwanga wa ghala na muziki vilikuwa vimenificha. Watoto wale walikuwa na njaa. Walikuwa na njaa ya muda mrefu, na walikuwa wamefundishwa kuiita kwa jina lingine.

Nikamwomba yule binti mrefu abaki. Nilikuwa nimeona anavaa soksi nzito wakati wenzake wako miguu mitupu. Alivua soksi moja, akasita, nikaivua ya pili mwenyewe. Mguu ulikuwa umevimba juu ya unyayo, ngozi inang'aa. Nikatafuta kwa kidole gumba ule mfupa mwembamba unaokwenda kwenye kidole cha pili, nikaubonyeza.

Mtu mzima akibonyezwa pale na mfupa umepasuka, hupiga kelele. Nimeshapigwa teke na mwanamume mwenye ndevu kwa sababu hiyo hiyo. Binti huyu alitabasamu. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, na uso ukaendelea kutabasamu, meno yote nje.

"Unaumia?"

"Kidogo."

"Sasa mbona unacheka?"

"Ndivyo tunavyofundishwa. Ukiumia, tabasamu, mtazamaji asijue."

Nikamwambia mfupa huu nadhani umevunjika, na kwamba umekuwa hivyo kwa muda, na hatakiwi kuukanyaga tena mpaka apigwe picha. Akateleza kutoka kitandani akanipigia magoti. Akaishika sketi yangu.

"Usiseme, daktari. Nakuomba, mama yangu. Wakija wale wageni wa ng'ambo nitakuwa nimepona. Usiseme."

Kesho yake, baada ya ibada, wazazi walikutana ghalani. Walikuja na kofia zao na vitenge vyao vya kutokea, wamekaa kwenye mabenchi, wakitarajia kusikia ni watoto gani watakaochukuliwa. Nikasema niliyoyaona. Nilisema mafunzo ni ya hali ya juu, na watoto wanaumwa. Kwamba yote mawili ni kweli. Nikataja mizani, uji, mwezi. Sikumtaja binti, nilisema tu yupo mtoto anayecheza juu ya mfupa uliovunjika. Nilitegemea kelele, wazazi wamgeukie mwalimu.

Wakanigeukia mimi.

"Tulikuita ukague, daktari," alisema mwenyekiti. "Hatukukuita uvunje."

Baba mmoja alisimama. "Mimi kijana wangu akishinda shambani anapasuka mikono. Nani amewahi kuja kumkagua? Leo anapata bahati ndiyo mnaleta madaktari."

Kisha mama mmoja, mwanamke mtulivu ambaye nilikuwa nimemtibu mgongo, akasema bila hasira yoyote: "Daktari, na wewe si ulichezwa unyago? Mwali akilia ndani anaambiwa nyamaza. Tulinyamaza. Tukapona."

Nilichezwa unyago, ndiyo, na ninakumbuka vizuri kunyamaza. Nikawaza labda mimi ndiye niliyepotea.

Bibi wa yule binti mrefu alikuwa amekaa karibu na mlango. Alikuwa ametoka Nambilanje, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, Kimwera kikijaza mapengo. Alikuwa ameshika kikapu magotini. Akasema akiwa amekaa vile vile:

"Mwali gani huyo mnayemsema? Mimi nimeweka wanawali ndani, wengi. Mwali analishwa. Anatoka ndani amenona, ngozi inang'aa, watu wanauliza huyu kungwi wake nani. Jana nimemletea mjukuu wangu ming'oko. Kanirudishia. Bibi, anasema, mwalimu atanipima." Akafunua kikapu, ile mizizi ya kuchemsha ikaonekana, imeshaanza kunyauka. "Mmemweka mtoto ndani mkamnyima kula. Unyago wa wapi huo?"

Hakungoja kujibiwa. Alinyanyuka akaenda bwenini, na baada ya muda mfupi tukasikia sauti ya binti akilia. Alilia kwa kelele, kama mtoto mdogo, kilio nilichokitegemea jana na sikukipata. Alikuwa anakataa kuondoka. Bibi alimtoa kwa mkono, binti akichechemea, na alipopita mbele yangu akaniambia, "Umeniua," watu wote wakisikia.

Nilirudi nao Nachingwea. Picha ilionyesha mfupa umevunjika mahali pamoja, na pembeni yake pameshawahi kuvunjika na kuunga vibaya, wala hakuna aliyejua. Fundi wa eksirei aliniuliza binti huyu aligongwa na gari gani. Tukamfunga plasta. Muda wote wa matibabu alinisalimia shikamoo kama alivyolelewa, lakini hakuniongezea neno. Plasta ilipotolewa alirudi shule huko kwao, na baleti hakurudi. Bibi yake husema sasa anakula, na amekuwa mkali wa maneno.

Lile kundi la ng'ambo liliahirisha safari. Ruangwa baadhi ya watu waliacha kunisalimia, niliwahi kukaa mgahawani nikasikia nyuma yangu, "Ndiye huyo." Shule ikafungwa kwa muda. Nikadhani mambo yameishia hapo.

Kisha asubuhi moja, katikati ya wagonjwa wa kawaida, mwalimu akaingia chumbani kwangu. Hakuwa na miadi. Alifunga mlango, akavua viatu, akapanda kitandani bila kuambiwa.

"Dada," alisema, "niangalie na mimi."

Nilimshika mguu nikajaribu kuuzungusha kwenye nyonga. Haukuzunguka. Nilijaribu mwingine, ukafika kidogo ukagoma. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vimelaliana, viwili havina kucha. Nikampeleka picha. Ilipokuja niliishika dhidi ya dirisha, nikaangalia jina mara mbili, kwa sababu zile zilikuwa nyonga za bibi kizee. Mifupa ilikuwa imekonda, imelika, kama mti uliotafunwa na mchwa kwa ndani. Mwanamke huyu tulikuwa tumepishana naye miaka michache tu.

Nikamuuliza lile swali la mwezi ninalomuuliza kila mwanamke.

"Tangu nikiwa msichana, sikumbuki vizuri," alisema. "Ulikuja, ukaondoka. Mwalimu wangu alisema ni dalili nzuri."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilikuwa na maneno niliyoyaweka tayari tangu ile Jumamosi. Yote yakanipotea. Nilimweleza picha inasema nini, polepole, nikionyesha kwa kalamu. Alinisikiliza akiwa amenyoosha shingo vile vile.

"Usiku siwezi kulala kwa maumivu," alisema. "Nilidhani wote tuko hivi. Nilidhani hata wewe uko hivi, watu wazima wote, ila hamsemi."

Akashuka kitandani, akashika ukingo wa meza yangu, na hapo ndipo nilipomwona akilia. Hakujua namna ya kulia. Alikuwa anakohoa, kifua kinaruka, kama mtu aliyepaliwa.

Shule imefunguliwa tena, wanafunzi wachache. Wana mpishi, na hakuna anayehesabiwa matonge. Mimi huenda kuwaangalia miguu, nao siku hizi wananiambia panapouma, mara nyingine mpaka wanatia chumvi. Wanaporuka hawaruki juu kama zamani. Mwalimu huja kwangu kwa mazoezi ya nyonga. Nyonga hazitarudi kuwa nzima, hilo analijua, lakini sasa anaweza kulala.

Juzi nikapigiwa simu na mzazi mmoja, mwanamke ambaye sikumkumbuka, aliyemtoa binti yake shuleni wakati ule wa vurugu. Sauti yake ilikuwa na heshima zote.

"Daktari, wewe unazijua hizi shule. Nasikia mwalimu wetu siku hizi amelegea. Hakuna nyingine, hata kama ni mbali, ambayo bado ni kali?"

Nilisikia nyuma yake binti akiuliza, "Anasemaje, mama?"

Nikamwambia amlete mtoto kwangu kwanza nimwone. Akasema sawa, Jumatatu. Jumatatu imepita. Hajamleta.