Milioni Moja na Moja

Fundi saa alikuwa na maradhi ya majivuno. Wengine hujivunia watoto au nyumba. Yeye alijivunia namba: 1,000,001. Aliiandika kwa chaki ukutani juu ya meza yake ya kazi, na kila mteja aliyeleta saa iliyosimama alilazimika kusikiliza kwamba hiyo ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. "Kama mimi," angemalizia, huku akipuliza vumbi. "Sigawanyiki." Mteja maskini alitaka saa yake tu.

Basi dada yake mkubwa akafiwa na mume, na shemeji zake wakamtoa nyumbani. Alifika mlangoni kwa fundi na begi moja na cherehani, akaomba chumba cha nyuma. Chumba chenyewe kilijaa saa mbovu, lakini fundi alijikohoza kama mwenye nyumba iliyofurika wageni.

"Dada, unanijua. Nimezoea kuishi peke yangu. Mimi ni kama namba ile pale."

Dada aliweka begi chini. Hesabu haikuwa ngeni kwake. Utotoni ndiye aliyemfundisha mdogo wake kugawanya, tena kwa makofi. Akaitazama ile namba.

"Ulijuaje kuwa ni tasa?"

Fundi akavimba kichwa. Alieleza alivyoanza na mbili, tatu, tano, saba, akapanda na namba tasa zote mpaka tisini na saba, na kila mara kikabaki kitu.

"Halafu?"

"Halafu nikachoka. Chai ilikuwa inachemka."

"Inayofuata ni ngapi?"

Inayofuata ni mia moja na moja. Kwa namba kubwa kama ile ilimpasa fundi aendelee mpaka karibu na elfu, na hilo alilijua fika, lakini mtu anayeishi peke yake nani wa kumkagua? Dada akachukua chaki, akagawanya polepole. Mwishoni ikabaki sifuri: mia moja na moja mara elfu tisa mia tisa na moja.

Aibu ilimpanda fundi mpaka masikioni. Miaka yote ametamba na kitu ambacho kingegawanyika hatua moja tu mbele ya pale alipoketi kunywa chai. Akacheka, maana angefanya nini.

"Mjinga ni mimi, dada. Mia moja na moja niliikataa bila kuijaribu."

"Na mimi je, umenijaribu?"

Fundi akaingia chumba cha nyuma, akaanza kutoa zile saa kwa mafungu, jasho likimtoka. Aliporudi mbele alikuta meza yake ya kazi imeshagawanywa nusu kwa nusu, huku saa, huku cherehani. Akafungua mdomo alalamike, akaitazama namba ukutani, akaenda kuchemsha chai ya watu wawili.