Mfaransa wa Baba na Sufuria ya Chai

Kwa injini ya dizeli hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Nimesema hivyo na sirudi nyuma. Nimefungua za malori, za trekta, za mashine ya kusaga unga, na moja iliyokuwa na panya ndani ya bomba la hewa, mzima, na watoto wake sita. Shule niliacha darasa la sita. Leo niko na gereji yangu hapa Mlolongo, mafundi wanane, na watu wenye digrii wananipangia foleni wakiwa wamesimama kando ya boneti zao kama watu waliopeleka mgonjwa hospitali. Kwa hivyo ukinisikia nikisifu vitu vya zamani, usidhani ni mtu hajui vya sasa. Vya sasa najua, na vinanilisha vizuri sana.

Lakini nyinyi tuliokua nanyi kule milima ya Iveti, barabara ikiwa bado ni udongo mwekundu, mtanielewa. Televisheni ilikuwa kitu cha kusikia. Sisi tulikuwa na barabara. Jioni, maji yakishachotwa na mbuzi wakishafungwa, tulikaa juu ya ukingo, miguu ikining'inia, tukafumba macho. Gari likianza mlima huko chini darajani, unasema ni nani. Kampuni hatukuzijua, tulitaja kabila la injini: huyo Mwingereza, huyo Mjapani, huyo Mfaransa. Ukikosea, kesho unabeba mtungi wa mwenzako pamoja na wako. Mimi sikuwahi kubeba mtungi wa mtu. Uliza yeyote wa rika langu kule, atakwambia, hata kama hanipendi.

Mwingereza alikuwa wa misheni. Alipanda kama mtu anayeburuta kabati la vyombo juu ya mawe, na akipita karibu sahani kwenu zinajibu. Alidondosha oil njia nzima, hata Jumapili tulifuata madoa yake mpaka mlango wa kanisa. Lakini hakuchoka. Mvua, tope, padri na magunia ya mahindi ndani, yeye alipanda tu. Mjapani alikuja baadaye, wa mwalimu mkuu, naye alipiga kama cherehani ya fundi mwenye haraka. Aliwaka mara ya kwanza, hata kwa baridi ya Julai. Kwa sababu yake nilipata cheo pekee nilichowahi kupata shuleni: nilikuwa sikio la darasa. Mwalimu mkuu akiwa bado darajani mimi nainua kidole, na akifika dirishani anakuta watoto arobaini wameinamia vitabu kama malaika. Alimsifu sana mwalimu wetu kwa nidhamu.

Mfaransa alikuwa wa Baba. Pickup ya rangi ya maziwa, dizeli, na ndiyo ilitusomesha, yaani iliwasomesha wengine na kunilisha mimi. Baba alitoa maembe Matuu akayaleta soko la Machakos, na ile gari ilipita juu ya mashimo kama inaogopa kumwamsha mtoto. Embe halikuchubuka. Sauti yake ilikuwa nzito na ya taratibu, kama mzee anayehadithia jambo na hana mahali pa kwenda.

Asubuhi za baridi hakuwaka kirahisi, kusema kweli. Baba alisukuma karai la makaa chini ya tumbo la injini, Mwaitu, ndiye mama yetu, akaja na birika akamwaga maji moto juu ya pampu, pole pole, kama anamnawisha mgeni mikono. Halafu tunangoja hita plagi, vile vijiti vya kupasha injini ndani, zipate moto. Saa ya kupimia haikuwepo, saa ilikuwa sisi watoto, tunahesabu moja mpaka ishirini kwa sauti, Baba akiwa ameshika ufunguo. Ukiruka namba, anatuanzisha upya. Nusu ya hesabu ninayojua nilijifunzia hapo, na harufu ya dizeli mbichi ikichanganyika na ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, wa jana unaopashwa jikoni. Hiyo harufu ikiuzwa kwa chupa, nanunua katoni.

Na mwenye kumjua Mfaransa kumpita hata Baba alikuwa fundi Kioko, aliyefanya kazi nyuma ya soko chini ya mabati matatu. Alikuwa na spana saba, tupa moja na mpini wa jembe. Huo mpini ndio ulikuwa kompyuta yake. Upande mmoja anaweka juu ya injini, upande wa pili kwa sikio, anafunga macho. Mkiongea anasema, "Zimeni kelele yenu nisikie yake." Akimaliza anakwambia nozo ya ngapi inadondosha dizeli badala ya kuinyunyiza, ringi gani imechoka, na mwenye gari alikunywa pesa ya oil lini.

Siku moja mfanyabiashara wa mahindi alijigamba kwamba Mfaransa wake, ndugu kabisa wa huyu wetu, alikuwa na nguvu zaidi. Kioko hakubishana. Alichukua kichujio cha hewa cha trekta kuukuu akakibandika kwa Mfaransa wa Baba, akakaza skurubu ya pampu robo ya mzunguko, akatoa nozo moja akaichonga na tupa akiwa ameishika karibu na macho kama mama anayetunga sindano. Gari zote mbili zikapakiwa maembe sawasawa, zikaelekezwa mlimani. Watu waliacha vibanda vyao. Huyo mwingine alishuka gia ya pili kona ya kwanza. Baba alipanda na gia ya tatu mpaka juu, moshi ukimfuata, na sisi tukikimbia ndani ya ule moshi kama ni baraka. Vijana wa gereji yangu nikiwaambia hiyo, wananiuliza Kioko alisomea wapi.

Tangu siku hiyo Mfaransa alikuwa na sauti yake mwenyewe, na Mwaitu akaifanya saa yake. Akisikia gari iko darajani, anaweka sufuria ya maji motoni. Kona ya kwanza anachochea kuni. Kona ya pili, majani. Kona ya tatu, maziwa na sukari. Baba akizima injini uani, chai inapanda juu ya sufuria. Miaka yote hiyo sijaona ikikosea. Baba alikuwa akishuka anapangusa mikono, anatwambia, "Mama yenu ana saa ya dizeli," kisha anakaa na kikombe kabla vumbi halijatulia.

Baba alitutoka. Mfaransa akaegeshwa nyuma ya ghala, kuku wakataga kwenye kiti chake. Mwaka jana ndugu yangu Muthama, ambaye anafanya kazi ya ofisi na hapendi vitu vimekaa vibaya, akaleta mtu wa skrepu. Mwisho wa mwezi lori lingekuja kuchukua. Mwaitu siku hizi macho yake yanaona kivuli tu, ila akili ni ile ile. Alisema haya, ichukuliwe, gari si mtu. Lakini akaongeza, "Kabla iende, nataka niisikie ikipanda. Mara moja tu."

Nikamwambia Mwaitu hiyo ni kazi ya mkono mmoja. Nikaivuta mpaka Mlolongo. Mfaransa nikamkuta ameshikana, maji yameingia ndani, hazunguki hata kwa nyundo. Na mimi niko na haraka na niko na pesa, kwa hivyo nikafanya lile ambalo fundi mwenye haraka na pesa hufanya: nikaitoa injini yake, nikaweka ya Mjapani yenye tabo, ile ya kuisukumia hewa kwa nguvu. Kazi safi. Nikakata vishikio, nikachomelea vipya, nikabadilisha gia na radieta. Ukilinganisha karatasi kwa karatasi, Mfaransa hana la kusema: nguvu karibu mara mbili, dizeli kidogo, moshi hakuna. Jumamosi nikapanda Iveti na hiyo gari kama ninafukuzwa na nyuki.

Nilipofika uani, Mwaitu alikuwa amejifunga leso mpya na Muthama anatoa viti vya wageni. Akanyoosha mkono upande ambao si wangu, akasema, "Karibu mgeni. Chai bado, umekuja ghafla."

Nikasema ni mimi, Mwaitu, ni Wambua, na hii ndiyo gari ya Baba.

"Hiyo si gari ya baba yako," akasema. "Hiyo ni ya mtu anatoroka polisi."

Muthama alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikaanza kueleza habari ya tabo. Naambia mama wa miaka themanini mambo ya tabo. Alinisikiliza kwa heshima, kama anavyosikiliza matangazo ya kanisani, halafu akainua kidole akasema ngoja nikuonyeshe. Akatoa sauti kwa mdomo: tu, tu, tu, kha. Tu, tu, tu, kha. Akaipandisha mpaka kona ya kwanza, akaiteremsha gia, nikasikia kabisa mzigo wa maembe ukivuta nyuma. "Yetu ilikuwa inakohoa," akasema. "Kila mara ya nne. Ya misheni ilitikisa, ya mwalimu ilishona, yetu ilikohoa. Wewe si ndiye fundi?"

Miaka thelathini ninafungua injini, na mtu ambaye hajawahi kushika spana amenisomea injini yetu kwa mdomo, kiti kikiwa chini ya mti wa parachichi na kuku miguuni. Na lori la skrepu lilikuwa limebakisha wiki mbili.

Nikarudi Mlolongo nikamtoa Mjapani. Vijana wangu wakaniangalia. Mmoja akauliza, "Buda, kwani tunafufua wafu?" Wao wamezoea kuchomeka kompyuta, na Mfaransa hana hata tundu la kuchomeka kitu. Bloku nikaipeleka kwa watu wa mashine ikachongwa na kuwekwa silivu mpya, yale mabomba ambamo pistoni hupita. Pistoni nikazipata Kinanie kwa mzee mmoja mwenye shamba la magari yaliyokufa, ambaye alinitaka kwanza nimwambie historia ya gari ndipo ataje bei. Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, nikaisafisha mwenyewe. Nozo nne mpya kabisa. Tulipoiwasha ilinguruma laini, moshi hauonekani, vijana wakapiga makofi. Nikachukua mpini wa jembe, ndio, ninao, nikaweka sikio. Tu, tu, tu, tu. Injini safi kuliko siku ilipotoka kiwandani.

Na haikuwa yenyewe.

Nikaenda kwenye ndoo ya vyuma vilivyotolewa, nikamimina chini, nikatafuta nozo nne za zamani. Ya pili ilikuwa na alama za tupa. Ndogo, sawasawa, za mkono wa mtu aliyeshika kitu karibu na macho. Kioko amelala kaburini miaka mingi, na kazi yake nilikuwa nimeitupa kwenye ndoo pamoja na takataka. Mimi, ninayemfukuza fundi kwa tone moja la oil, nikarudisha kasoro kwa mkono wangu mwenyewe na nikaikaza vizuri. Nikawasha. Tu, tu, tu, kha. Vijana wakasema bosi, silinda namba mbili inapiga. Nikawaambia iacheni ipige.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi nikapanda tena Iveti, sikumwambia mtu. Yaliyotokea nyumbani nimesimuliwa na Muthama, ambaye alikuwa amekuja kumsubiri mtu wa skrepu, na Muthama hajui kutia chumvi. Anasema Mwaitu alikuwa anachambua maharagwe kwa vidole. Mimi nilikuwa darajani. Akasimamisha mikono.

"Muthama," akasema, "weka sufuria."

Muthama akauliza ya nini. Hakujibiwa. Kona ya kwanza akamwambia achochee moto. Kona ya pili, majani. Ya tatu alikuwa ameshasimama, ameshika nguzo ya baraza, akasema maziwa, na sukari usibane. Mimi nikaingia uani kwa gia ya tatu, nikazima. Ndani ya nyumba nikasikia chai ikimwagika juu ya moto, tsss, na ndugu yangu wa ofisi akipiga mbio kuiepua.

Mwaitu alikuja mpaka kwa boneti akaweka kiganja juu, akakiacha hapo mpaka chuma kikaanza kupoa. Halafu akaniambia nimwambie mtu wa skrepu atafute kwingine, na Jumamosi ijayo nije vile vile, pole pole, nisimharibie chai.

Siku hizi magari hayana sauti. Vijana wanaweka vitu masikioni ndani ya gari ambayo tayari imenyamaza, wanafika langoni wanatuma ujumbe kwamba wamefika, na mtu anatoka ndani kana kwamba amefumaniwa. Ni gari nzuri, sikatai, ninazitengeneza na zinanijengea nyumba. Lakini hakuna mtu nimeona akiweka sufuria motoni kwa sababu ya ujumbe. Enzi zile mtu alianza kufika akiwa bado darajani, na wote waliompenda walikuwa wameshamjua.

Muthama aliniuliza, kikombe mkononi, imenigharimu ngapi yote, pamoja na Mjapani niliyemweka nikamtoa. Sikumficha. Shilingi laki tatu, elfu kumi na saba, mia sita na hamsini.