Kichaka Kilichotikisika Bila Upepo

Ipo siku moja naikumbuka kila ninapokuona, mwanangu, ukikaa na kuinuka, ukishika simu na kuiweka. Nilikuwa kuruta, msichana mwenye miguu isiyojua kutulia, na tulikuwa kwenye zoezi la medani katika vilima vya nyuma ya Kibakwe, si mbali na kwetu.

Kazi yetu ilikuwa kulificha gari la mawasiliano. Wenzetu waliofunga vitambaa vyekundu begani ndio waliokuwa maadui. Wakituona, kundi letu zima linarudia mafunzo. Sajenti wetu, mama wa Kirangi kutoka Busi, hakukubali tutupe wavu wa kufichia juu ya gari kama shuka kitandani. Tuliuinua kwa nguzo usiguse bati, tukalegeza kingo mpaka chini ili kivuli kisionekane, tukafunika vioo, tukafagia alama za matairi. Nilipoleta majani mabichi aliyatupa.

"Kiangazi hiki, kijani umekitoa wapi? Leta nyasi kavu na miiba."

Tulipomaliza nilirudi nyuma kutazama. Gari sikuliona. Palikuwa na kichaka tu.

Sajenti akatuingiza chini ya wavu. "Laleni. Asitikisike mtu."

Mwanangu, kulala nako ni kazi! Jasho liliingia machoni, sisimizi wakapanda shingoni, mguu ukafa ganzi. Mwenzangu Yohana alitulia kama gogo. Mimi nilikuwa nachemka. Ndipo nikasikia kengele za ng'ombe. Nikachungulia kwenye matundu ya wavu, nikamwona baba yangu.

Sikuwa nimemwona tangu niondoke nyumbani, na tuliachana vibaya, maana hakutaka niende jeshini. Alipita karibu kiasi cha kusikia akikohoa. Kikohozi kile hakuwa nacho nilipoondoka. Nikanyanyuka kwa kiwiko, mkono ukakamata wavu. Yohana akanibana bega. Baba akasimama, akatazama upande wetu kwa muda mrefu, kisha akaswaga ng'ombe wake wakaendelea.

Mteremkoni maadui wakamkuta.

"Shikamoo mzee. Hujaona gari huku?"

"Marahaba. Gari? Mimi naona vichaka tu, wanangu."

Wakaelekeza darubini kwetu, wakaigeuza kwingine, wakaondoka. Tukafaulu. Wenzangu walishangilia, mimi kikohozi kile hakikunipa usingizi mpaka nilipopata likizo.

Nilimkuta baba ana nafuu, dawa za hospitali zimemsaidia. Aliitikia shikamoo yangu, akanitazama.

"Siku ile hapakuwa na upepo," akasema. "Vichaka vyote vimetulia, kimoja kinatikisika. Nikajua aliyemo ni mtoto wangu. Tangu tumboni hujatulia."

Nikainamisha kichwa.

"Mlikuwa wengi humo?"

"Wengi, baba."

"Basi ungewauza wote kwa kunisalimia mimi. Salamu ingengoja. Kazi umeichagua mwenyewe, ifanye."

Kwa maneno hayo nikajua amekubali niwe askari. Nililia, wala sikuona haya.

Wavu, mwanangu, ni kitu cha maana sana vitani na mazoezini. Huvunja umbo la gari, humeza kivuli, hudanganya darubini. Lakini hauna dawa ya mtu asiyetulia. Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Wewe hujaanza jambo, umeshalitangaza; hujafika, watu wameshajua uko wapi. Jifunze kunyamaza na kazi yako mpaka ikomae. Hata hamu iliyo njema, kama ile ya kumkimbilia mzazi, ina saa yake. Na moyo ukikuchemka, kabla hujanyanyuka, waangalie kwanza waliolala kando yako. Sisemi kwamba ni rahisi. Mimi mwenyewe, na mvi hizi, bado nahangaika.

Basi, safari yako imewadia, nenda salama. Mungu akujalie kifua cha kuhifadhi, na siku utakayorudi uwakute wazee wako wazima, nao wakukute mzima.